S/C

Hapa Cibitoke, mtaa wa Bujumbura, barua haikuwahi kuja mlangoni. Avenyu zetu zina namba tu, na mwenye sanduku la posta mjini ndiye aliyewapokelea wenzake. Barua za marehemu baba zilipitia sanduku la parokia: kwenye bahasha jina lake, chini yake S/C, yaani kwa mkono wa fulani, kisha B.P. na namba ya sanduku. Bahasha ilikuwa ya parokia, lakini ukiifungua, sauti ni ya aliyeandika.

Mwaka 2006 nilikabidhiwa usimamizi wa kundi la barua pepe la watu wa avenyu yetu, waliotawanyika tangu vita vya 1993. Lilitumia programu ya Mailman, nami nikaikuta S/C ileile. Seva hupokea barua moja, ikatoa nakala, na kila nakala ikaivisha bahasha mpya yenye anwani ya kundi, ili isiyofika irudi kwa msimamizi, isimsumbue mwandishi. Ndani, penye "Kutoka", jina la mwandishi lilibaki.

Ugumu ulikuwa kwenye jibu. Kanuni za barua pepe za 1982, alizoandika David Crocker, ziliruhusu kundi kuweka anwani yake penye "Jibu kwa"; za 2001 zikamwachia mwandishi sehemu hiyo. Mimi niliweka ya kundi, nikitaka watu waongee pamoja. Kisha dada mmoja akajibu tangazo la msiba, akidhani anamwandikia mdogo wake peke yake. Alitaja deni la matibabu, na ndugu ambao hawakuchanga. Tulisoma wote. Usiku uleule niliiondoa anwani ya kundi, na hadi leo naamini jibu ni la kumrudia aliyeandika.

Aprili 2014 Yahoo ilitangaza kwamba barua yenye anwani yake penye "Kutoka", isiyothibitika kuwa imetoka kwake, ikataliwe. Ilikuwa inapambana na matapeli, lakini makundi yaliumia. Mwenye Yahoo akiandika, Gmail ilizikataa nakala zote. Mailman ikahesabu barua zilizorudi, ikaanza kuwasimamisha wenye Gmail ambao hawakukosa lolote. Dawa iliyopatikana ilikuwa kubadilisha "Kutoka" yenyewe: jina la mwandishi, neno "kupitia", jina la kundi, na anwani ya kundi. Sasa hata barua ya ndani ikavaa jina la mwenye sanduku.

Baba mdogo alinipigia simu kutoka Kigali. "Mwanangu, mbona kila barua ni yako? Hata ya kumuaga marehemu umeiandika wewe?" Simu yake ilikuwa imehifadhi anwani ya kundi kwa jina langu.

Tangu siku hiyo, mwisho wa kila barua yake huandika jina lake kamili, la baba yake, na namba ya avenyu waliyokaa. Wengine wakamfuata.