Duka na Chakula cha Watu wa Pangani

Mtu akiulizwa kwa nini ala chakula hiki wala si kile, hujibu upesi kwamba ndicho akipendacho. Lakini tukitazama habari za Pangani, twaona ya kuwa mara nyingi mwenye duka alikwisha kumchagulia.

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara iendayo bara. Kando ya mto watumwa walilima miwa, na sukari na asali yake vikapelekwa Unguja na Arabuni. Wafanya biashara wa Kihindi walikuwako mjini, walakini mwenye konde hakuwangojea wao ili apate kula: mtama wake ulikuwa uchagani, na muhogo ulikuwa ardhini.

Mkonge ndio uliogeuza mambo. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. 62 tu ilifika hai, ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto. Mashamba yalipoenea yalitaka watu wengi, nao wakaletwa kutoka mbali, Kigoma na Songea. Watu hao, walioitwa manamba, hawakuwa na makonde. Walipewa posho ya unga wa mahindi, na kilichopungua wakakinunua dukani.

Kwa nini mahindi? Maana duka hupenda chakula kiwezacho kumngoja mnunuzi. Muhogo mbichi huharibika kwa siku chache, na kisamvu hunyauka siku ile ile. Bali mahindi makavu hukaa guniani miezi. Hata unga wenyewe una siri yake. Dona ina kiini cha mahindi chenye mafuta, kwa hiyo huchacha mapema. Sembe imekobolewa, hukaa zaidi, tena ni nyeupe, nayo macho ya watu hupenda weupe. Lakini pamoja na kiini na kumvi hutoka sehemu kubwa ya vitamini. Faida ya rafu ni hasara ya mlaji.

Tena duka laweza kukauka. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele wa meli ulikatika, na wengi Unguja wakarudia muhogo. Na mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa kabla maduka ya vijiji hayajawa tayari. Bidhaa zikaadimika mahali pengi.

Bei ya katani ilianza kuanguka mwaka 1964, na kambi nyingi za mkonge zikapungua watu. Wengine walipata makonde wakalima. Sembe haikuondoka majumbani mwao.