Riziki na kitenzi chake

Riziki ni neno la asili ya Kiarabu: kile Mungu anachomjalia kiumbe ili aishi. Lakini sikiliza kitenzi kinachoandamana nalo mara nyingi: kutafuta. Kule Asembo Bay, nchini Kenya, usiku wa giza, wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, huingia Ziwa Victoria na taa, maana mbalamwezi ikiwaka samaki hawavutiwi sana na mwanga wa taa hizo. Kukikucha, kina mama huanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa ufuoni, wakiomba jua. Kutafuta kwa taa hakupunguzi imani ya mtu kwamba mtoaji ni Mungu. Napenda sana jinsi Kiswahili kinavyomkiri Mola kuwa mtoaji bila kumruhusu mja kulala. Anayetoka husema, “Naenda kutafuta riziki.” Anayebaki humwitikia, “Mungu akujalie.”