Nyumba ni Amana: Funzo la Mji Mkongwe wa Unguja

Mwenye kupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, tokea Shangani hata Malindi, huona mambo mawili. Hapa ni mlango wa msaji ulionakshiwa, una misumari ya shaba na juu yake imechongwa aya ya Kurani. Pale, hatua chache tu, ni kifusi cha nyumba iliyoanguka, na mti umeota juu ya ukuta uliobaki. Wengi huusifu mlango na kifusi wakakipita. Yafaa tuviangalie vyote viwili, kwani khabari yao ni moja.

Mji huu ulikua khasa katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said bin Sultan kuufanya makao ya ufalme wake. Nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba. Walakini nyumba ya namna hii ina sharti lake. Isipopakwa chokaa kila baada ya muda, mvua huingia, ncha za boriti huoza ndani ya ukuta, na mwisho dari hushuka. Wala saruji si dawa yake, kwani chokaa huacha unyevu ukatoka, lakini saruji huufungia ndani.

Basi wazee wetu waliwezaje kuitunza? Waliitunza kwa nguzo mbili.

Ya kwanza ni wakfu. Mtu aliyejaaliwa mali aliweka nyumba au duka, kodi yake ikatengeneze msikiti, ikalishe jamaa, na ikaitengeneze nyumba ile yenyewe. Mji huu mdogo una misikiti karibu 50, na mingi katika hiyo ilisimama kwa kodi za namna hii. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa sadaka yenye kuendelea ni miongoni mwa mambo ambayo hayamkatikii mtu baada ya kufa kwake. Wazee waliliamini hilo, wakalijengea kuta.

Ya pili ni fundi. Kijana alikaa chini ya mwashi akajifunza kuchoma mawe, kuyazima na kuiacha chokaa ikaiva. Au alikaa kwa seremala akafagia vumbi miezi mingi kabla ya kupewa patasi. Elimu hiyo haikuandikwa vitabuni. Ilikuwa mikononi, na mkono ukifa bila ya kurithisha, elimu nayo huzikwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa serikali, na wenyewe wengi walikuwa wameondoka. Aila kadha wa kadha zilikaa nyumba moja kwa kodi ndogo. Hatumlaumu mpangaji, kwani naye alihitaji sitara. Lakini kodi isiyoweza kununua chokaa haiwezi kuiokoa nyumba. Ilipofika miaka ya 1980, nyumba zilikuwa zikianguka moja baada ya moja.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia. Kheri nyingi zimepatikana. Ngome Kongwe imekuwa pahala pa maonyesho ya sanaa, na mwaka 2002 kilifunguliwa chuo cha muziki ambamo vijana hufundishwa udi na kanuni na wajuzi wa taarabu. Lakini tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka huku likitengenezwa, na watu wawili wakafa. Hapo tulijua kuwa jina kubwa halishikilii ukuta.

Hatari nyengine haina kishindo. Nyumba hugeuzwa hoteli, na wenyeji huhamia nje ya mji. Mlango hupigwa rangi ukang'aa, lakini nyuma yake hakuna tena bibi mwenye kushona kofia wala mtoto mwenye kwenda chuoni na juzuu yake. Je, mji uliohuishwa bila ya watu wake, umehuika?

Tusiseme kuwa hii ni kazi ya serikali peke yake. Nyumba ngapi za mirathi zimeanguka kwa sababu ndugu kumi hawakuafikiana nani anunue boriti! Kila mmoja adai fungu lake la kodi, wala hapana adaiye fungu lake la matengenezo. Basi wenye nyumba za urithi wakae, watenge sehemu ya kodi kwa chokaa kabla ya kugawana. Mwenye kujenga amwagize mlango mchongaji wa mtaani kwake, amlipe haki yake. Mwenye kijana apendaye kazi ya mikono asimwonee haya. Ampeleke kwa fundi, kwani kuutengeneza ukuta wa msikiti si kazi duni. Na aliyejaaliwa nyumba mbili, akumbuke wakfu.

Tumeikuta miji hii imesimama, nasi tutaulizwa tumeiachaje. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuhifadhi amana. Amin.