Mafunzo ya papa

Papa hufundishika, ingawa hawafikii pomboo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Florida, Marekani, mwanabiolojia Eugenie Clark aliwazoesha papa-limau kusukuma ubao kwa pua, kengele ilie, wapewe chakula. Baada ya mapumziko ya wiki kadhaa za baridi walikuwa bado wanakumbuka.

Kikwazo si akili, ni tumbo. Pomboo hula kila siku na kila samaki mdogo huwa zawadi. Papa wengi hutosheka na milo michache kwa wiki, basi mkufunzi hana cha kuwahongea.

Hata hivyo, katika tangi la maonyesho huko Atlanta, Marekani, papa potwe hufuata upawa wa chakula kutoka mashuani. Papa mweupe, kwa upande wake, hafugiki kwa muda mrefu: mmoja aliyewekwa kwenye tangi la maonyesho la Monterey Bay, California, aliachiliwa mwaka 2005 baada ya siku 198, alipokwisha kuua papa wenzake.