Injini mpya katika Land Rover kuukuu

LAND Rover za Series III, zilizoundwa kati ya 1971 na 1985, zilisifika kwa kuhimili njia mbovu za kaskazini mwa Kenya. Hata hivyo, injini yake ya dizeli ya lita 2.25 ilitoa takriban nguvu za farasi 62 pekee.

Mwenye gari kama hilo mtaani Kiwanjani, Isiolo, anaweza kulitia injini ya 200Tdi ya lita 2.5, iliyozinduliwa 1989. Injini hiyo yenye tabo hutoa zaidi ya nguvu za farasi 100, na huungana na giaboksi ya zamani bila marekebisho makubwa. Breki na rejeta sharti ziimarishwe pia, na nambari ya injini mpya isajiliwe kwa NTSA.

Moshi hufichua hitilafu. Ukiwa mweusi, hewa haitoshi au dizeli imezidi. Wa buluu ni ishara kwamba oili inaungua. Mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria gasketi ya silinda hedi imeharibika.

Anayeelekea Merti asipuuze dalili hiyo ya mwisho. Injini ikichemka nyikani, abiria watalazimika kugawana maji ya kunywa na rejeta, nayo haifunguliwi kabla ya kupoa.