Habari za Mashamba ya Kahawa ya Wakorsika katika Kisiwa cha Puerto Rico



Baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, imefaa kuwaleteeni maneno machache ya historia. Nimechagua habari za mbali, za watu waliovuka bahari wakapanda kahawa mpaka sifa yake ikaenea Ulaya. Wengi wetu tulisomeshwa kwa fedha ya kahawa, ama ya shamba letu wenyewe, ama ya kibarua katika shamba la mwingine. Kwa hiyo habari hizi hazitakuwa ngeni kwetu.

Corsica ni kisiwa cha Ufaransa katika bahari ya Mediterania, nchi ya milima na mawe, yenye mashamba madogo. Mwaka 1815 Mfalme Fernando VII wa Hispania alitoa amri ya kuwakaribisha wageni Wakatoliki katika koloni lake la Puerto Rico, kisiwa cha bahari ya Karibi. Mgeni mweupe alipewa ardhi bure kwa hesabu ya watu wa nyumba yake, na kwa kila mtumwa aliyekuja naye aliongezewa nusu ya kipimo hicho. Mtu mweusi aliye huru naye alipewa nusu. Tuikumbuke sana hesabu hii.

Wakorsika wengi waliitika mwito huo, hasa watu wa Cap Corse, rasi ya kaskazini. Walipofika walikuta ardhi nzuri ya pwani imekwisha kushikwa na wenye miwa, basi wakapanda milimani, kandokando ya miji ya Yauco, Adjuntas na Lares. Aliyetangulia alimwita ndugu yake, na ndugu akamwita binamu. Majina ya koo kama Mariani, Mattei, Pietri na Franceschi yakawa majina ya wenyeji. Huo ndio msaada wa jamaa kwa jamaa, jambo ambalo chama chetu kinalijua vema.

Kazi yao yastahili kusifiwa. Mibuni ilipandwa chini ya vivuli vya miti mikubwa na migomba. Buni mbivu zilichumwa kwa mkono, zikamenywa, zikaoshwa, zikaanikwa juani. Kwa kuwa mvua ya milimani haibishi hodi, baadhi ya mashamba yalitengeneza masanduku mapana yenye magurudumu chini ya sakafu ya ghala. Jua likiwaka yalivutwa nje, na wingu likitanda yalisukumwa ndani upesi. Kufikia miaka ya 1890 kahawa ilikuwa imeipita sukari katika biashara ya kisiwa kile, na Yauco ukaitwa Mji wa Kahawa.

Lakini ni nani aliyechuma buni hizo? Walikuwapo watumwa, na walikuwapo maskini wasio na ardhi. Mwaka 1849 Gavana Juan de la Pezuela alitoa sheria kwamba kila mwanamume asiye na ardhi wala mali amtumikie mwenye nayo, tena achukue daftari dogo popote aendapo. Humo mwajiri aliandika kazi yake, mwenendo wake na madeni yake, na aliyekutwa hana daftari aliadhibiwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi. Baba na babu zetu walivaa kipande shingoni, na bwana asipotia sahihi, mtu hakuweza kuondoka.

Pamoja na daftari lilikuwapo deni. Mfanyabiashara alimkopesha mkulima mdogo chakula na vyombo kwa ahadi ya mavuno yajayo. Mavuno yakipungua, shamba lilikwenda. Katika mashamba mengine vibarua walilipwa kwa vibati ambavyo havikupokewa ila katika duka la shamba lile lile. Haishangazi basi kwamba waasi wa Lares, waliposimama tarehe 23 Septemba 1868, walitangaza kuyafuta madaftari hayo. Uasi ulizimwa upesi, lakini mwaka 1873 utumwa ulikomeshwa, na sheria ya madaftari ikaondolewa mwaka huo huo. Hata hivyo walioachwa huru walilazimishwa kufanya kazi kwa mkataba miaka mitatu zaidi.

Neema ya kahawa nayo haikudumu. Tarehe 25 Julai 1898 majeshi ya Marekani yalishuka Guánica, karibu na Yauco, na kisiwa kikatoka mikononi mwa Hispania. Masoko ya zamani yakafungwa kwa ushuru. Kisha tarehe 8 Agosti 1899 kimbunga kiitwacho San Ciriaco kiliua watu zaidi ya 3,000, kikaangusha mibuni pamoja na miti ya kivuli. Mbuni mpya huchukua miaka kadhaa kuzaa; deni halingoji. Wenye mashamba wengi walifilisika, na watu wa milimani wapatao 5,000 walipelekwa Hawaii mwaka 1900 na 1901 kukata miwa. Kahawa haikufa, ila haikurudia ukuu wake. Na kimbunga Maria cha Septemba 2017 kiliharibu tena sehemu kubwa ya mibuni.

Mpaka leo zimesimama nyumba kubwa zenye majina ya koo zile, nazo huitwa mashamba ya familia. Sikatai, familia hizo zilijasiri na kufanya kazi. Lakini wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Familia za wachumaji zilikuwapo pale kizazi kwa kizazi, wala majina yao hayakuandikwa mlangoni. Yaliandikwa katika vitabu vya deni.

Mimi ni karani, na najua kwamba lisiloandikwa hupotea. Kwa hiyo nawaomba wazee wetu: katika mkutano ujao, kila anayekumbuka majina ya watu wa kwetu waliochuma kahawa katika mashamba ya walowezi, wanaume kwa wanawake, na ayataje. Nitakuja na kitabu kipya, na safari hii hakitakuwa cha madeni.