Jinsi ya kumzuia panya asivamie trela na gari lililofungwa msimu wa kusi

PEPO za kusi zinapoanza kuvuma na mvua ya masika kushika, kati ya Aprili na Mei, mwambao wa Kilifi hadi Malindi hufunga milango. Wageni hurejea makwao, mashua za uvuvi wa starehe hupandishwa nchi kavu, na nyumba nyingi za likizo za Watamu hubaki na bawabu mmoja. Magari nayo huegeshwa vibandani hadi Julai au hata Desemba, pamoja na yale matrela ya kulala ambayo wenyewe huyavuta kutoka bara kuja kupiga kambi ufuoni.

Wakati huo ndipo panya hutafuta makao makavu. Trela lililofungwa lina kila anachokitaka: godoro la sponji la kuchambua, kabati lenye makombo ya biskuti, giza, na utulivu wa miezi mitatu bila mtu kufungua mlango.

Hasara haiishii kwenye godoro. Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, hivyo hulazimika kutafuna daima ili yasizidi urefu. Hutafuna nyaya za umeme zikabaki uchi, zikagusana na kuwasha moto. Hutafuna nyaya za taa za breki, na mwenye trela asijue hadi aliye nyuma yake barabarani amgonge. La kutisha zaidi ni mpira unaopeleka gesi kwenye jiko la trela. Tundu dogo mpirani na kiberiti kimoja asubuhi ya kwanza ya likizo vinatosha kuleta msiba.

Jambo jingine halisemwi sana, nalo ni kwamba uharibifu huo mara nyingi hutupiwa bawabu. Tajiri hurudi, hukuta viti vimechanwa, na mshahara wa mtu aliyelinda lango usiku kucha ukakatwa kwa kosa la mnyama aliyepitia tundu lisilozidi unene wa kalamu ya risasi. Makala haya basi ni ya wote wawili, mwenye mali na mwenye kuitunza.

Panya ni wepi?

Panya wanaosumbua majumbani Pwani ni wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni panya wa dari, mweusi au wa kijivujivu, mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, hodari wa kupanda minazi, kuta na kamba. Si mwenyeji wa asili wa Afrika. Asili yake ni Asia, na mifupa yake imechimbuliwa na wanaakiolojia katika mabaki ya mji wa kale wa Unguja Ukuu, Zanzibar, ushahidi kwamba alivuka Bahari ya Hindi pamoja na shehena za wafanyabiashara zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alikuja kwa chombo, na hadi leo anapenda vyombo.

Wa pili ni kipanya mdogo wa nyumbani, mwenye uzito wa gramu ishirini hivi. Huyu ndiye adui mkubwa wa trela, kwa kuwa hupenya mwanya wa milimita 6 tu, ilhali panya wa dari huhitaji kama milimita 12. Isitoshe, kipanya huweza kuishi bila maji ya kunywa ikiwa chakula chake kina unyevu kidogo.

Mbali na hao yuko panya wa mashambani mwenye chuchu nyingi, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza kwa miongo kadhaa. Idadi yake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Anayeegesha gari kando ya shamba la mahindi huko Ganze au Magarini atakutana naye, hasa mavuno yakishaondolewa shambani.

Hesabu ya uzazi haina huruma. Kipanya jike hubeba mimba siku zipatazo 20, huzaa watoto watano au sita, na watoto hao huanza kuzaa wakifikisha takribani wiki sita. Jike mmoja aliyejifungia ndani mwezi wa Aprili anaweza kuwa bibi kabla ya Agosti.

Mahali pa kuegesha

Kosa la kwanza hufanywa kabla hata mlango haujafungwa. Wengi hujenga kibanda cha makuti juu ya trela ili kulikinga na jua. Kivuli ni kizuri, lakini makuti ndiyo makao anayoyapenda panya wa dari, na kutoka hapo hushuka tu. Afadhali paa la mabati lililosimama peke yake, mbali na mti wowote.

Matawi ya mwembe, mkorosho au mnazi yasifike karibu ya mita mbili na paa. Mnazi usioweza kukatwa hufungwa ukanda wa bati laini wenye upana wa sentimita 30 hivi kuuzunguka shina, juu kidogo ya kimo cha mtu. Kucha za panya huteleza kwenye bati. Wakulima wa visiwa vya Pasifiki wametumia mbinu hiyo kuokoa madafu yao, nayo haina gharama kubwa hapa kwetu. Sharti tu makuti ya mti mmoja yasigusane na ya mti wa pili, la sivyo panya atapita juu kwa juu.

Ukuta wa mawe ya matumbawe, ambao ndio ukuta wa kawaida wa Kilifi, umejaa vishimo. Kabla ya kuegesha gari kando yake, uzibwe kwa saruji. Rundo la kumbi, kuni, matofali au mabati makuukuu liondolewe. Kisha pawekwe ukanda mtupu wa kokoto, upana wa mita moja kuzunguka trela, pasiote hata jani. Panya hapendi kuvuka mahali peupe.

Turubai linaloburura hadi chini ni msaada kwa panya. Humficha, na chini yake hukusanyika unyevu unaoozesha mbao. Likitumika, liishie juu ya magurudumu.

Kuziba matundu

Hii ndiyo kazi yenyewe, na mengine yote ni nyongeza.

Lala chini ya trela mchana wakati mwenzako akiwa ndani, taa zimezimwa. Mwenye kurunzi awe chini, naye aliye ndani atazame nuru inapopenya. Popote inapoingia nuru yenye unene wa kalamu ya risasi, kipanya ataingia. Mahali pa kuangalia kwanza ni pale mabomba ya maji na nyaya zinapopenya sakafuni, matundu ya hewa ya jiko na friji, kona za mlango, na sehemu ya juu ya magurudumu. Katika gari la kawaida, angalia mfereji wa kuingizia hewa ya kipupwe na bomba la moshi.

Ushauri unaotolewa Ulaya na Marekani ni kushindilia matundu kwa nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria. Ushauri huo una dosari Pwani. Hewa ya chumvi huzila nyuzi hizo na kuzigeuza unga wa kutu katika msimu mmoja, na kutu ikachafua bodi. Tumia nyuzi za shaba au za chuma kisichoshika kutu, kisha uzifunike kwa gundi ya silikoni ili zisivutwe nje. Silikoni peke yake, sponji ya kupuliza, mbao na plastiki hutafunwa.

Matundu ya hewa yasizibwe kabisa, maana trela lisilopumua huota ukungu. Yafunikwe kwa wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Waya wa kuku hautoshi, kwa sababu kipanya hupita katikati ya jicho lake bila kuinama. Wavu wa mbu nao hutafunwa kwa usiku mmoja.

Ondoa kila kinachounganisha trela na ardhi isipokuwa magurudumu na miguu yake: waya wa umeme, mpira wa maji, kamba. Mabaharia huvisha kamba za meli sahani pana za bati bandarini ili panya asipande, na bawabu anaweza kukata sahani ya aina hiyo kutoka kwenye debe na kuivisha mguu wa jeki. Nilipokuwa kijana niliona mbinu hiyohiyo katika maghala ya nafaka yaliyoinuliwa juu ya nguzo, kila nguzo ikiwa na kofia ya bati chini ya sakafu. Wazee walilijua hili zamani.

Ndani, toa chakula chote, hata chumvi, sabuni na chakula cha mbwa. Magodoro na mito ipelekwe nyumbani ikiwezekana. Isipowezekana, yasimamishwe wima, mbali na kuta. Droo na makabati yaachwe wazi ili pasiwe na pembe ya siri.

Mitego na sumu

Mtego wa kubana ungali silaha bora. Utegwe kando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, kwa kuwa panya hutembea akigusa ukuta kwa sharubu zake. Chambo cha nazi iliyochomwa au kipande cha ng'onda hushinda jibini. Panya wa dari huogopa kitu kigeni, hivyo mwekee chambo siku tatu au nne bila kuutega, azoee. Kipanya ni mdadisi na hunaswa usiku wa kwanza.

Mtego unaotegwa ndani ya trela lazima ukaguliwe kila siku mbili, au harufu itakuwa mbaya kuliko hasara. Kwa wanaokaa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, mitego isiwekwe nje vichakani. Mtego hauchagui, na sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama adimu wa msitu huo ambaye wala si panya, anaweza kuangamia bure.

Sumu mimi siipendekezi. Zile pakiti zinazouzwa sokoni kwa kipaza sauti mara nyingi hazina maelezo ya kilichomo, na mtoto akizila daktari hajui pa kuanzia. Sumu nyingi za viwandani huzuia damu isigande, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Si kweli kwamba hutoka nje kutafuta maji. Hufia ndani ya ukuta wa trela, usipoweza kumfikia. Bundi akimla panya aliyelegea hudhurika naye. Najua wengi Pwani humwona bundi kuwa ndege wa uchuro na humfukuza kwa mawe, ilhali anayekula panya wengi usiku kuliko paka wa nyumbani ni huyo huyo.

Panya pia huleta nyoka. Bafe na swila hufuata chakula, na chini ya trela lenye panya ni mahali pema pa kuwinda. Kituo cha nyoka cha Bio-Ken, kilichoanzishwa Watamu na marehemu James Ashe na mkewe mwaka 1980, kimeshughulika kwa miaka mingi na elimu na matibabu ya walioumwa na nyoka katika eneo hilo. Bawabu asiingize mkono gizani chini ya gari.

Nafutalini, matone ya mnanaa na vipande vya sabuni huleta harufu tu, nayo panya huizoea. Vifaa vya umeme vinavyodaiwa kumfukuza kwa sauti isiyosikika na binadamu visikupotezee fedha: mwaka 2001 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilizionya zaidi ya kampuni 60 zilizovitengeneza au kuviuza kwamba madai yao yahitaji ushahidi wa kisayansi. Kinachosaidia kiasi ni utepe wenye kemikali ya pilipili ambao kampuni ya Honda huuza wa kufungia nyaya.

Siku ya kufungua

Mwaka 2012 watu 10 waliolala katika mahema ya mbuga ya Yosemite, Marekani, waliambukizwa virusi vya hanta, na watatu wakafa. Mahema hayo yalikuwa na kuta mbili, na panya walikuwa wameweka makao katikati. Virusi hivyo vya Yosemite ni vya mabara ya Amerika, lakini mkojo wa panya wa kwetu hubeba vijidudu vya leptospira, vinavyoweza kuharibu ini na figo.

Kwa hiyo usifagie kinyesi kikavu. Fungua milango na madirisha yote, toka nje kwa nusu saa, kisha vaa glavu na barakoa. Nyunyizia kinyesi na viota mchanganyiko wa dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, ungoje dakika kumi, ndipo ufute kwa kitambaa na kukitupa katika mfuko uliofungwa.

Kabla ya kuwasha jiko, funga vichomeo vyote, fungua mtungi wa gesi na upake povu la sabuni kwenye mpira wote kuanzia mtungini. Pakitokea kiputo, funga mtungi na ubadilishe mpira wote, usiukate na kuuunga. Halafu mtu mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma ya trela, atazame taa zote mbili zikiwaka.